Elimu ya Ubongo na Vijana Wetu Waliotekwa na Unga



Asubuhi moja, baada ya sala ya Alfajiri, tukiwa twapanga misahafu na juzuu za watoto katika chuo chetu huku pembezoni mwa Temeke, alitujia mama mmoja tumjuaye tangu siku nyingi. Alikuwa amejitanda kanga yake hadi usoni, na tulipomkaribisha mkekani hakuketi. Alisema: "Maalim, mwanangu ameandikishwa dawa hospitali. Atainywa kila siku, na huenda akainywa kwa miaka. Baba yake amekataa. Asema hiyo nayo ni ulevi, tofauti yake ni kuwa watolewa na serikali. Nimekuja uniambie: nimpeleke au nisimpeleke?"

Kijana huyo twamjua vyema. Alikhitimu Kurani kwetu akiwa na umri wa miaka 12, na kwa sauti yake nzuri tulimweka mbele katika kila Maulidi. Alipokuwa mkubwa akawa konda wa daladala, na huko kijiweni akafundishwa kuvuta msokoto uliochanganywa bangi na unga. Baadaye akaingia katika sindano. Akauza viatu vyake, kisha sufuria za mama yake, na mwisho likapotea busati la msikiti, na kila mtu akamnyoshea kidole yeye.

Nasi waalimu wake tulifanya nini? Haya hatuna budi kuyasema, japo yatuaibisha. Kwanza tulimfukuza barazani petu. Pili, wazee wake walipodhani kuwa amepandwa na jini, tulimsomea na kumwandikia kombe, na jioni ile ile maumivu yakamrudia, akatoroka. Hatusemi kwamba Kurani si shifaa. Mwenyezi Mungu atuepushe na kauli hiyo. Twasema kwamba hatukuujua ugonjwa uliokuwa mbele yetu, na asiyeujua ugonjwa hawezi kumwongoza mgonjwa.

Basi siku ile hatukumjibu yule mama. Tulimwomba atupe muhula wa siku chache. Tunaye binti aliyesoma kwetu utotoni na ambaye sasa ni muuguzi. Alikaa nasi na mumewe barazani jioni tatu, baada ya Magharibi, akatueleza mambo ambayo katika miaka yetu yote hatukupata kuyasikia. Hayo, pamoja na tuliyoyatafuta wenyewe baadaye, ndiyo tunayowaletea leo.

UBONGO NA UFUNGUO WA BANDIA

Ubongo wa mwanadamu una chembe za fahamu zikadiriwazo kufika bilioni 86. Chembe hizo hupelekeana habari kwa njia ya kemikali: chembe moja humwaga kitone kidogo mno, na chembe ya jirani hukipokea kwa vipokezi vyake, kama vile kufuli lipokeavyo ufunguo wake. Mojawapo ya kemikali hizo yaitwa dopamini. Hiyo ndiyo huuambia ubongo: jambo hili lina faida, likumbuke na ulirudie. Kwa njia hiyo mtu hupenda chakula chake, wanawe na kazi yake.

Mwaka 1973 wataalamu wa Marekani na wa Sweden walithibitisha kwamba katika ubongo mna vipokezi ambavyo morfini, dawa itokanayo na kasumba, hunasa juu yake. Ikawashangaza: kwa nini mwanadamu aumbwe na kufuli la ufunguo wa mmea wa mbali? Jawabu lilipatikana mwaka 1975 katika mji wa Aberdeen, Uingereza, pale John Hughes na Hans Kosterlitz walipoonyesha kwamba ubongo wenyewe hutengeneza kemikali zake za kutuliza maumivu, nazo ndizo wenye kufuli hizo. Basi kila mmoja wetu amewekewa na Mola wake duka dogo la dawa kichwani, litoalo kwa kipimo na wakati wake.

Heroini, ambayo vijana wetu waiita unga, hutengenezwa kwa utomvu wa mmea wa kasumba. Iingiapo mwilini hugeuka kuwa morfini na kuingia katika makufuli yale kama ufunguo wa bandia. Dopamini humwagika kupita kiasi, na ubongo huandika kwa wino usiofutika: hiki ni bora kuliko chakula, kuliko mama, kuliko uhai. Kwa kuwa kipimo kimepita mpaka, ubongo nao hujihami kwa kupunguza kazi ya vipokezi vyake. Ndipo mtu huhitaji unga mwingi zaidi ili apate kile alichokipata jana.

Baada ya saa 4 mpaka 6 nguvu za unga hupungua. Kisha huja ile hali ambayo mitaani huitwa arosto: miayo, machozi na makamasi, vinyweleo kusimama, tumbo kukatika, kuharisha, na mifupa kuuma kana kwamba yavunjwa. Ikifikia daraja hiyo, kijana hatumii tena kwa ajili ya raha. Atumia ili aikimbie adhabu. Tulipolifahamu hilo tulikumbuka jinsi tulivyomwambia mwanafunzi wetu, "Acha tu, unashindwa nini?" Tulikuwa kama watu wamwambiao mwenye homa aache kutetemeka.

BIBI KREEK NA KAZI YAKE YA MAISHA

Kati ya wataalamu walioichunguza kemikali hii ya ubongo, yupo mmoja ambaye kazi yake imefika mpaka mitaa yetu, japo wachache wanalijua jina lake. Naye ni Bibi Mary Jeanne Kreek, aliyezaliwa Washington, Marekani, mwaka 1937, na kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1962.

Mwaka 1964, akiwa daktari kijana, alijiunga na watu wawili mjini New York, katika Taasisi ya Rockefeller. Mmoja alikuwa Daktari Vincent Dole, mchunguzi wa jinsi mwili unavyokitumia chakula. Wa pili Bibi Marie Nyswander, tabibu wa maradhi ya akili, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewatibu watumiaji wa heroini na kuwaona wakiacha leo na kurudi kesho. Zama hizo mtumiaji alihesabiwa kuwa mhalifu au mtu asiye na haya, na tabibu aliyejishughulisha naye alitazamwa kwa jicho la shaka. Hawa watatu waliuliza swali jingine: je, haiwezekani kwamba unga umeubadili ubongo wenyewe, na kwamba tabia tunayoichukia ni dalili tu ya badiliko hilo?

Wagonjwa wao wa kwanza waliwapa morfini. Haikufaa. Kila siku walitaka zaidi, na muda uliobaki walikaa mbele ya televisheni wakisinzia na kungojea sindano ifuatayo. Kisha wakawabadilishia dawa ya kunywa, methadoni, iliyokuwa imetengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya maumivu. Punde si punde mmoja akaanza kuchora picha, na mwingine akauliza habari za kurudi shuleni. Wasomaji na walipime jambo hili: watu wale wale, ila yule aliyekuwa hawazi lolote isipokuwa sindano sasa awaza masomo. Mwaka 1965 Dole na Nyswander wakatangaza habari za wagonjwa wao 22 wa mwanzo.

Bibi Kreek hakuishia hapo. Alikaa katika kazi hiyo zaidi ya miaka 50, hata alipofariki mwezi wa Machi 2021. Aliwafuatilia wagonjwa mwaka hata mwaka ili ajue kama dawa yawadhuru, na mwaka 1973 akatangaza kwamba itumikapo sawasawa, hata kwa muda mrefu, ni salama kwa viungo vya mwili. Alipima kemikali za mwili zinazohusika na hofu na mashaka, akaona kwamba heroini huzivuruga, na kwamba kwa methadoni hurudi taratibu katika hali yake baada ya miezi. Baadaye alichunguza maumbile ya kurithi. Mwaka 1998 yeye na wenziwe walionyesha kwamba wapo watu wazaliwao na kipokezi chenye tofauti ndogo, kinachoshika kemikali za ubongo kwa nguvu tofauti na cha wengine. Kwa hiyo watu wawili wakionja kitu kimoja kijiweni, si lazima wadhurike sawa.

Lakini kazi yake iliyotugusa zaidi ni hii. UKIMWI ulipozuka, yeye na wenziwe walizipima damu walizokuwa wamezihifadhi tangu miaka ya nyuma. Waligundua kuwa katika New York zaidi ya nusu ya waliojidunga heroini bila tiba walikwisha ambukizwa, bali miongoni mwa waliokuwa katika methadoni tangu kabla ya maradhi hayo kuenea, walioambukizwa hawakufika 10 katika kila 100. Dawa iliyowaondolea sindano ilikuwa imewakinga na mauti ambayo hakuna aliyeyajua wakati ule. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliitia methadoni katika orodha yake ya dawa muhimu.

DAWA YAFIKA DAR ES SALAAM

Sasa na turudi nyumbani. Unga uliingia pwani yetu katika miaka ya 1980, nchi yetu ikiwa njia ya kupitishia mizigo itokayo Asia. Sisi wakati ule tulikuwa vijana, na twakumbuka neno lenyewe lilivyokuwa geni masikioni. Mwanzo watu walivuta. Miaka ya 2000 ilipoingia ulikuwa umekwisha fika unga mweupe uyeyukao upesi, na sindano zikaenea. Mwaka 2005 watafiti, miongoni mwao Profesa Gad Kilonzo wa Muhimbili, waliandika habari ya kutisha kutoka mji huu: wanawake wengine waliokosa fedha walikuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyekwisha jidunga, wakitumaini kuambulia mabaki ya unga ndani yake. Na uchunguzi uliofanywa Kinondoni miongoni mwa waliojidunga ulionyesha kwamba kiasi cha 4 katika kila 10 walikuwa na virusi vya UKIMWI, na wanawake walidhurika zaidi kuliko wanaume.

Ndipo mwezi wa Februari 2011 kliniki ya methadoni ikafunguliwa katika Hospitali ya Muhimbili, kwa msaada wa serikali ya Marekani. Ilikuwa ya kwanza ya umma katika bara hili kusini mwa Sahara, ukiviacha visiwa, kwani Mauritius ilikwisha anza mwaka 2006. Aliyeisimamia ni Daktari Jessie Mbwambo, tabibu wa maradhi ya akili na mtafiti. Mwaka 2012 ikafuata ya Mwananyamala, katika Kinondoni. Mwaka 2014 ya Temeke. Mwaka 2015 ya Zanzibar. Na baadaye mikoa mingine kama vile Mbeya na Mwanza. Elimu iliyoanzia kwa wagonjwa wachache wa New York ikawa imefika mahali ambapo kijana wa Mbagala aweza kuifikia kwa daladala.

Mgonjwa hufika kila siku, huitwa jina lake, hupewa kikombe kidogo cha dawa, hukinywa mbele ya muuguzi, kisha huenda zake. Wapo pia washauri wa kuzungumza naye, na hupimwa UKIMWI, kifua kikuu na homa ya ini. Tangu ilipoanzishwa, dawa hiyo imetolewa bila ya malipo.

SWALI LA YULE BABA

Sasa tuje katika swali tuliloletewa: je, huku si kuvua ulevi mmoja na kuvaa mwingine?

Swali hili si la kijinga, wala aliulizaye si adui wa mwanawe. Methadoni ni ya ukoo mmoja na morfini, na huingia katika makufuli yale yale. Tofauti ni katika mwendo wake. Unga hupanda kwa ghafula na kushuka kwa ghafula mara kadhaa kwa siku, na ubongo huwa kama jahazi katika dhoruba. Methadoni inywewayo hupanda polepole, na kikombe kimoja hutosha siku nzima. Mgonjwa aliyekwisha pata kipimo chake halewi wala haumwi. Hufanya kazi, husoma, hukaa na watu. Kwa hiyo hulinganishwa zaidi na dawa anywayo mwenye shinikizo la damu, au sindano ya insulini ya mwenye sukari. Haing'oi shina la maradhi kwa siku moja. Humshika mgonjwa wima wakati ubongo wake unapojirekebisha na maisha yake yanapojengwa upya.

Wala tusiwafiche wasomaji upande wa pili. Dawa hii ni kali. Kipimo cha mgonjwa aliyeizoea chaweza kumuua mtoto au mtu asiyeizoea, na ndiyo maana hunywewa hospitalini. Ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi huhatarisha pumzi. Haitibu bangi wala kokeni. Wengi wanaoikatiza mapema hurudi katika unga, kwa hiyo kuiacha nako kuwe kwa taratibu ya daktari. Na safari ya kila siku ni mzigo: nauli, foleni, na mwajiri asiyetaka kusikia kwa nini mtu huchelewa.

Ama kwa upande wa sheria ya dini, sisi ni waalimu wa watoto, si mamufti. Mwenye shaka na awaulize wanavyuoni, lakini kwanza awaeleze hali ya ugonjwa kama ilivyo. Lijulikanalo na kila mtu ni kwamba kujitibu kumehimizwa, na kwamba mgonjwa ana ruhusa zake. Hata katika Ramadhani, mgonjwa asijikatie dawa kwa ari yake peke yake. Amwendee daktari mapema aulize kama saa zaweza kubadilishwa, kisha amwendee mwanachuoni.

Tena twapenda kukumbusha kwamba kumtibu mwenye maradhi ya akili si jambo geni lililotujia na merikebu za Wazungu. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu yao maalumu, na humo walitibiwa. Waislamu wa zama hizo waliwapa wagonjwa hao vitanda. Sisi wa leo twawapa nini, ikiwa tunawafunga kamba uani au tunawapiga mawe sokoni?

WAJIBU WA NYUMBA ZETU

Enyi wazazi, mkiona kijana wenu abadilika, ajitenga, asinzia mchana, na vitu vya nyumba vyapotea, msingoje aibu ifike kwa majirani ndipo mchukue hatua. Muulizeni kwa upole na mumpeleke hospitali. Mkimkuta amelala haamki, pumzi zake chache na midomo imekuwa ya buluu, huo si usingizi bali ni unga unaoizima pumzi yake. Mlazeni ubavu na mkimbilieni hospitali saa ile ile. Dua na kisomo viendelee, viende sambamba na dawa, kwani hakuna kati yao kinachomfukuza mwenzake.

Nanyi vijana, msiudhani msokoto wa kwanza kuwa mchezo. Mwenzenu wa kijiweni hajui umezaliwa na ubongo wa namna gani, wala wewe hujui. Aliye nje ya shimo hahitaji kamba.

Nasi waalimu na maimamu tuache kuwataja wagonjwa hawa mimbarini kama takataka. Mama zao wamekaa nyuma ya pazia, wanatusikia.

Baada ya siku zile tatu tulikwenda kwa yule mama, tukakaa na mumewe ukumbini. Tulimweleza yote haya, mazuri na mazito, na tukamwomba radhi kwa maneno tuliyowahi kuyasema juu ya mwanawe. Hakutujibu neno. Alitusindikiza mpaka mlangoni, akaaga. Lakini mama alitueleza kwamba kesho yake, alipoamka kuota moto, aliikuta nauli ya kwenda na kurudi imewekwa juu ya meza.

Huu ni mwaka wa tatu kijana yule anakwenda. Aliteleza mara moja, akarudi. Siku za Alhamisi huja kutufagilia chuo na kuwasahihishia watoto wadogo herufi zao, na sauti yake bado ni ile ile. Wapo wazee ambao akipita karibu yao hushika mifuko yao. Yeye huwaamkia, akapita.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri walioitafuta elimu hii na wanaoitumia, na atusamehe sisi tuliohukumu kabla ya kujua. Amin.